Sanduku la Kufuli Tatu

Leo kikundi chetu kinatimiza miaka kumi, ila tusiusahau mwaka wa pili. Wakati ule mweka hazina alikaa na fedha zote nyumbani kwake. Siku moja hesabu ikapungua. Maneno yakaanza, wengine wakataka twende polisi. Tukasema hapana, kwanza tukae.

Tulikaa chini ya mwembe tangu saa nane mpaka magharibi. Kila mama alisema lake bila kukatizwa, na daftari likasomwa lote kwa sauti. Kumbe mikopo miwili haikuandikwa! Mwenzetu hakuiba. Tulimwomba radhi akakubali, lakini kushika daftari hakurudi tena. Hiyo ni hasara yetu wenyewe, maana mzigo wa wote tulimtwisha mmoja.

Ndipo tukafuata utaratibu wa VICOBA, ambao chanzo chake ni vikundi vya akina mama wa Niger vilivyoanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa mama watatu, pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Kubishana bado tunabishana, lakini sanduku halijapungua. Penye wengi hapaharibiki neno.