Trauti na Jiwe la Mzee

Ndugu mkulima, trauti si samaki wa asili wa mito yetu. Aliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, akatiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kikawa kinazalisha vifaranga vyake.

Mimi nilifundishwa kuvua na wazee waliowahi kuwabebea Wazungu mikoba ya uvuvi. Asubuhi moja ya Julai, ukungu umeshuka na vidole vimekufa ganzi, mzee alinizuia kurusha ndoana. "Geuza jiwe kwanza," akasema. Chini yake palijaa vidudu. "Hicho ndicho chakula chake. Ukikosa vidudu, rudi nyumbani." Kisha akanionyesha kumwendea trauti kutoka upande wa chini wa mto, kwa sababu huelekeza kichwa maji yanakotoka.

Julai iliyopita niligeuza mawe palepale. Nilikuta tope tupu. Juu yake, shamba la viazi lilikuwa limefika ukingoni kabisa.

Trauti hutaka maji baridi, safi na yenye hewa nyingi. Hata kama huli samaki, fikiria: tope lile ni udongo wa mkulima, pamoja na mbolea aliyoinunua.

Basi usilime ukingoni. Acha angalau mita 6, panda nyasi na miti ya kienyeji, wala si mikaratusi. Mvua zikipita, shuka mtoni ugeuze jiwe. Ukiona vidudu, ujue udongo wako umebaki shambani.