Mvutano wa Mtu wa Pili Kwenye Kichwa cha Treni

Usiku wa Julai 6, 2013, mabehewa 72 ya mafuta ghafi yaliserereka bila dereva hadi katikati ya mji wa Lac-Mégantic, Kanada, mengi yakaanguka na kulipuka. Watu 47 walikufa. Dereva, aliyekuwa akifanya kazi peke yake, alikuwa ameegesha treni kwenye mteremko wa Nantes, akafunga breki za mkono saba tu, akaenda kulala. Kichwa cha treni kikashika moto. Zimamoto waliuzima, na injini nayo ikazimwa. Upepo wa breki ukapungua taratibu, treni ikaondoka.

Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kwamba mtu wa pili angeizuia ajali ile. Hata hivyo, hazikupita wiki tatu Kanada ikaagiza treni za shehena hatari ziwe na watu wawili. Mwaka 2016 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa reli, FRA, nayo ilipendekeza kanuni ya watu wawili. Kampuni za reli zilidai hakuna takwimu zinazoonyesha kwamba mtu mmoja ni hatari zaidi. Makondakta walijibu kwa kuieleza kazi yenyewe: mpira wa breki ukichomoka porini, kondakta ndiye anayeshuka na tochi kukagua behewa moja baada ya jingine, huku dereva akibaki kwenye kichwa cha treni.

Mei 2019 FRA ililifuta pendekezo hilo, tena ikayazuia majimbo kutunga sheria zao, wakati California tayari ilikuwa na yake. Vyama vya wafanyakazi wa reli, SMART-TD na BLET, pamoja na majimbo ya Washington, California na Nevada, vikaenda Mahakama ya Rufani.

Februari 2021 majaji waliutengua uamuzi huo. Pendekezo la 2016 halikudokeza popote kwamba majimbo yangefungwa mikono, kwa hiyo wananchi hawakupata nafasi ya kulizungumzia. Sababu za FRA nazo hazikutosha, ilhali maoni zaidi ya 1,500 yalikuwa yamepokelewa, mengi mno yakiunga mkono watu wawili. Mimi naona mahakama ilisema kweli: huwezi kumuuliza mtu jambo moja, kisha ukamwamulia jingine.

Hukumu hiyo haikumrudisha mtu wa pili. Ilirudisha tu mjadala mezani. Kanuni yenyewe ilitoka Aprili 2024, baada ya maoni zaidi ya 13,000: treni nyingi ziwe na wafanyakazi wasiopungua wawili, pakiwa na misamaha michache. Baada ya hapo, kampuni za reli nazo zikafungua kesi kuipinga.