Ufungaji wa Fremu Saidizi kwenye Chasisi ya Lori

Malori mengi ya biashara huuzwa yakiwa na kichwa, injini, magurudumu na vyuma viwili virefu vinavyokwenda sambamba hadi nyuma, vikiunganishwa kwa vyuma vya kukingama. Hiyo ndiyo chasisi. Bodi, iwe ya tipa, tangi au ya kubebea shehena, hujengwa baadaye na karakana nyingine. Baina ya bodi na chasisi huwekwa fremu saidizi, na namna inavyofungwa huamua iwapo gari litadumu miaka mingi au litapasuka mgongo likiwa njiani na mzigo.

Kazi ya fremu hiyo ni kusambaza uzito. Jeki ya tipa au miguu ya tangi hukandamiza sehemu chache tu; fremu saidizi huupeleka mkandamizo huo katika urefu wote wa chasisi.

Kila upande wa chasisi una umbo la herufi C: ubavu uliosimama, na midomo miwili juu na chini. Midomo hiyo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mkazo. Baina ya ekseli za mbele na za nyuma, mdomo wa juu hukandamizwa na wa chini huvutwa kila mzigo unapowekwa. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa magari hukataza kutoboa midomo, na huruhusu matundu mapya kwenye ubavu pekee, tena mahali na kwa ukubwa uliotajwa katika mwongozo wao wa ujenzi wa bodi. Kuchomelea fremu saidizi moja kwa moja kwenye chasisi nako hukatazwa: joto hudhoofisha chuma cha nguvu kilichotumika, na ufa huanzia pembeni mwa mchomeleo.

Sehemu inayostahili uangalizi mkubwa zaidi ni ncha ya mbele, nyuma tu ya kichwa cha gari. Hapo chasisi inayonyumbuka hukutana ghafla na chasisi iliyoimarishwa. Ncha ikikatwa wima, mkazo wote hukusanyika mstari mmoja, na ndipo nyufa nyingi huonekana. Hukatwa mshazari ili ugumu uongezeke kidogo kidogo, na fremu husogezwa mbele kadiri nafasi inavyoruhusu.

Barabara ya vumbi huisokota chasisi, gurudumu moja likipanda na jingine likishuka. Tangi halisokotiki. Ndiyo maana vishikizo vya mbele huwekewa springi au mpira ili viachie kidogo, ilhali vya nyuma hufungwa imara kwa bamba na bolti. Kwenye tipa, uimara wa nyuma ni wa lazima, kwani bawaba ya kuinulia bodi iko huko.

Bolti za umbo la U hupendwa katika karakana nyingi kwa kuwa hazihitaji matundu. Huizuia fremu kuinuka, lakini haziizuii vya kutosha kuteleza mbele dereva anapokanyaga breki ghafla. Hivyo hazitoshi peke yake. Zikitumika, kipande cha kuegemeza huwekwa ndani ya herufi C ili midomo isibonyee. Kipande cha mbao hakifai karibu na ekzosi. Mirija ya breki na nyaya zisibanwe.

Kuchomelea bodi yenyewe kukifanyika ikiwa juu ya gari, betri na vifaa vya kielektroniki hutenganishwa kwanza, na waya wa athi hufungwa karibu kabisa na mahali pa kazi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma isisagwe wala kufunikwa, kwa kuwa ndiyo inayolinganishwa na kadi ya usajili.

Uzito nao una sheria. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na tani 8 kwa ekseli ya usukani. Bodi iliyosogezwa mbele mno inaweza kulizidishia ekseli hiyo hata kama jumla ya uzito ni halali, na mizani ya TANROADS hupima kila kundi la ekseli. Bodi iliyorudishwa nyuma mno hupunguza uzito wa mbele, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi.

Baada ya safari za kwanza bolti hukazwa upya. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka bolti, au chuma kinachong'aa mahali palipopaswa kuwa na rangi, ni dalili kwamba fremu inasogea. Ufa ukionekana kwenye chasisi, kuubandikia bamba bila maelekezo ya mtengenezaji huuhamishia tu mahali pengine; gari lisimamishwe na lipelekwe kwa wakala wake.