Nani Alimtuma Mwenye Kamera?

Nianze na kesi yangu mwenyewe kabla sijagusa za watu.

Likizo ya Agosti, mwaka 2014, nilikuwa na miaka 14. Mtaani kwetu Majengo kulikuwa na kombe la mbuzi, na timu yetu ilikuwa imeingia fainali. Siku mbili kabla ya mechi kocha alinipa simu yake, akanionyesha nyumba ya ghorofa iliyokuwa haijaisha kujengwa, akaniambia: "Panda pale juu, nirekodie hao jamaa wakipiga penalti. Usionekane." Nikapanda. Nilirekodi dakika kama tisa hivi. Mikono ilikuwa ikinitetemeka, lakini si kwa woga. Nilikuwa nimefurahi. Kila siku mimi ni wa kuokota mipira, leo nimepewa kazi ya maana.

Fainali ikaisha sare, tukaenda penalti, kipa wetu akadaka mbili. Mbuzi tukamla. Wiki haijaisha, ile video ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu, na wapinzani wakaja barazani kwetu baada ya Isha, wako kama kumi na tano. Kocha akaulizwa. Akasema: "Ni watoto hao. Mimi sikumtuma mtu." Watu wote wakanigeukia. Mimi nikatazama chini.

Lakini aliyeumia zaidi si mimi wala kocha. Ni kipa. Yeye ile video hakuiona hata siku moja. Kocha alimnong'oneza tu kwamba fulani hupiga kulia, fulani husita kabla ya kupiga, naye akadhani ni jicho la kocha. Tangu usiku ule jina lake likawa "Kipa wa Video". Msimu uliofuata hakuja mazoezini.

Kisa hiki kilinirudia Julai 2024, wakati wa Olimpiki ya Paris, ilipofika barazani habari ya droni ya Kanada. Mnajua barazani kulivyo saa za kahawa: kila mtu ana simu, kila mtu ni refa. Kinyozi wetu alitoa hukumu mapema: "Kwani macho yana ushuru? Ukifanya mazoezi mahali pa wazi, nitakutazama. Wizi u wapi hapo?" Kijana mmoja wa chuo akamkatiza. Sheria ni sheria, alisema, ukishaambiwa usirekodi halafu ukarekodi, huo ni udanganyifu, basi. Dada mmoja anayecheza kiungo kwenye timu ya mabinti alikuwa amesimama hapo akingoja viazi karai vyake. Akauliza: "Na wale wachezaji je? Wao wamekosa nini?" Hapo kelele zikapungua kidogo.

Mzee mmoja, wa rika la wale waliokuwa vijana Feisal ya Mombasa ilipochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, alicheka. Enzi zao, alisema, kamera hazikuwepo lakini kuchungulia kulikuwepo. Mtoto hutumwa dukani, akapitia uwanjani kwa wapinzani, akirudi hana sukari ila ana habari. "Lakini tukishikwa," akasema, "mwenye kuulizwa ni aliyetuma, si mtoto." Sina hakika kama enzi hizo zilikuwa safi hivyo. Wazee nao huzipiga pasi kumbukumbu zao. Ila swali lake ni zuri kuliko la kinyozi na la kijana wa chuo. Tuache kidogo kama kurekodi ni wizi au ni ujanja. Tuulize: aliyetuma ni nani, na aliyelipa ni nani?

Turudi nyuma, tarehe 9 Septemba 2007, Marekani. Huu si mpira wetu, ni ule wa kuvaa helmeti na kukimbia na mpira mkononi. New England Patriots walikuwa ugenini kwa New York Jets. Katika mchezo ule wakati huo makocha waliwapa wachezaji maagizo kwa ishara za mikono kutoka kando ya uwanja, na mfanyakazi mmoja wa Patriots alikutwa pale kando akiwarekodi makocha wa Jets wakitoa ishara zao. Kutazama ishara kwa macho hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kamera mahali pale, na ligi ilikuwa imezikumbusha timu zote kwa barua mwaka mmoja kabla.

Adhabu ilikuja baada ya siku nne tu. Kocha Bill Belichick alipigwa faini ya dola 500,000, klabu dola 250,000, tena ikanyang'anywa nafasi yake ya raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya. Belichick aliomba radhi, lakini akasema aliielewa vibaya sheria. Hakufungiwa hata mechi moja. Msimu ule timu yake ilishinda mechi zote 16 za ligi, kisha ikafungwa fainali, Super Bowl, 17 kwa 14.

Jambo lililokuja kusumbua watu zaidi ni kanda zenyewe. Ligi ilizichukua kutoka kwa Patriots, ikazitazama, halafu ikaziharibu. Ikasema ni ili zisitumike tena. Seneta mmoja, Arlen Specter, alikuja juu akitaka kujua kwa nini ushahidi uharibiwe haraka hivyo, lakini kanda zilikuwa zimeshakwenda. Basi mashabiki wakabaki na ubishi usio na mwisho. Wa Patriots husema mambo yalikuwa madogo. Wapinzani husema mataji yote yale yana doa. Nani atawaamua? Kanda ikiharibiwa anasalimika mwenye kosa, sawa, lakini na asiye na kosa hubaki hana cha kujisafishia. Mchezaji wa Patriots aliyeshinda kwa jasho lake hana pa kwenda kulionyesha.

Ndiyo maana Desemba 2019 hakuna aliyewaamini. Kikosi cha video cha Patriots kilikuwa Cleveland kutengeneza kipindi kuhusu mfanyakazi wao mmoja, kikarekodi dakika kadhaa za benchi la Cincinnati Bengals, ambao ndio walikuwa wapinzani wa Patriots wiki iliyofuata. Klabu ilikubali kosa, ikasema halikukusudiwa na idara ya ufundi haikuhusika. Pengine ni kweli. Lakini ukishatajwa mara moja, mara ya pili hata ukisema kweli watu hucheka. Faini ilikuwa dola milioni 1.1, pamoja na kupoteza nafasi nyingine ya kuchagua mchezaji.

Mwaka huo huo wa 2019, mwezi wa Januari, Uingereza, mambo yalikwenda njia nyingine. Siku moja kabla ya Leeds United kucheza na Derby County, polisi waliitwa kwenye uwanja wa mazoezi wa Derby. Palikuwa na mtu nje ya ua anachungulia, na mtu huyo alikuwa mfanyakazi wa Leeds. Kocha wa Leeds, Marcelo Bielsa, hakusema ni watoto. Alimpigia simu kocha wa Derby, Frank Lampard, akakiri. Kisha akawaambia waandishi kwamba mwenye kubeba jambo hilo ni yeye peke yake. Siku chache baadaye aliwaita tena, akawaonyesha jinsi anavyowachambua wapinzani, na akaongeza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemuuliza: kila timu waliyocheza nayo msimu ule, alituma mtu kutazama mazoezi yake.

Leeds walitozwa pauni 200,000, na Bielsa alisema amezilipa mwenyewe. Ligi ikatunga kanuni mpya: marufuku kutazama mazoezi ya mpinzani ndani ya saa 72 kabla ya mechi. Mwezi wa Mei Derby wakawatoa Leeds kwenye mechi za mtoano za kupanda daraja.

Sasa tusimfanye Bielsa walii. Alikiri baada ya mtu wake kushikwa. Kabla ya hapo alikuwa kimya, na kinyozi wetu husema kwa haki kabisa kwamba mwizi anayekiri bado ni mwizi. Lakini tazama kilichofuata. Yule mfanyakazi hakuachwa peke yake. Wachezaji wa Leeds hawakuitwa wezi barabarani, kwa sababu kila mtu alijua aliyetuma ni nani. Na ligi ikapata kanuni iliyo wazi badala ya minong'ono.

Tuje sasa Kanada. Julai 2024, mjini Saint-Étienne, timu ya wanawake ya New Zealand ikiwa mazoezini iliona droni juu ya vichwa vyao. Mwenye droni alikuwa mchambuzi wa Kanada, mabingwa watetezi wa Olimpiki. Yeye na kocha msaidizi mmoja wakarudishwa nyumbani. Kocha mkuu, Bev Priestman, kwanza alijitoa kwenye mechi moja, kisha akasimamishwa na shirikisho lake. FIFA ikawafungia wote watatu mwaka mmoja, ikaitoza Kanada faranga za Uswisi 200,000, na ikaikata timu pointi 6.

Pointi 6 maana yake ni kwamba wachezaji walishinda mechi mbili za mwanzo wakawa na sifuri. Waliifunga New Zealand 2-1, Ufaransa 2-1, Kolombia 1-0, wakapita kwa pointi 3, halafu wakatolewa na Ujerumani kwa penalti kwenye robo fainali. Ndipo lile swali la dada wa viazi karai linapouma. Upo upande wa pili, nao nauheshimu: timu isipokatwa pointi, kila kocha atapiga hesabu, faini tutalipa na medali tutabaki nayo. Kweli. Lakini mabinti wale ndio waliokimbia uwanjani kulipa deni ambalo hawakulikopa.

Tusidhani haya ni ya Wazungu na droni zao. Huku kwetu tumeyaona hata bila kamera. Novemba 2021, Waziri wa Michezo Amina Mohamed aliuvunja uongozi wa shirikisho la soka la Kenya, FKF, kwa madai ya matumizi mabaya ya fedha. FIFA haitaki serikali iguse mashirikisho, na Februari 2022 ikaifungia Kenya. Tulifunguliwa Novemba mwaka huo. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki, maana kila upande una mawakili wake. Nataka kuhesabu waliolipa. Harambee Starlets walitolewa kwenye safari ya Kombe la Afrika la wanawake. Harambee Stars wakakosa mechi za kufuzu AFCON. Tusker walichukua ubingwa wa ligi 2022 na hawakwenda kokote Afrika. Mchezaji ana miaka michache tu ya kucheza, mmoja wake ukaliwa na ugomvi wa ofisini. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hiyo twaisema kila siku hadi hatuisikii tena.

Nimezipanga kesi hizi pamoja kwa sababu barazani hubishana upande mmoja tu: kosa lilikuwa kubwa au dogo? Adhabu ilitosha? Naona swali zito liko kwa wanaojua. Kila kesi ina mtu anayejua ilivyokuwa: aliyeshika kamera, aliyetazama kanda kabla haijaharibiwa, aliyepewa agizo. Huyo akinyamaza, lawama hutafuta pa kukaa, na mara nyingi humkalia asiyejua kitu.

Narudi kwa kipa wetu. Kuna jambo ambalo kwa miaka kumi sikumwambia mtu. Wa kwanza aliyedakwa penalti yake siku ya fainali yumo kwenye video, namkumbuka vizuri. Wa pili hayumo. Siku ile ya mazoezi hakuja kabisa. Mimi ndiye niliyerekodi, najua. Penalti ile ya pili kipa aliidaka mwenyewe, kwa macho yake na miguu yake, bila kunong'onezwa na mtu. Kocha aliifuta video kwenye simu yake siku walipokuja wenyewe, na hata zile zilizozunguka zilikuwa vipande tu. Aliyeona dakika zote tisa nilikuwa mimi.

Baada ya ule ubishi wa droni nilimfuata. Ana kibanda cha kuuza kava na chaja za simu huko Mwembe Tayari. Nikamwambia yote: nani alinipa simu, nani alikuwepo, nani hakuwepo. Alimhudumia mteja kwanza, akarudisha chenji, ndipo akaniangalia.

"Yule wa pili nilimsoma mimi," akasema. "Nilikuwa najua. Halafu watu wakasema mpaka nikaanza kujishuku."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Haya. Lakini hapa Mwembe Tayari nani anakusikia, bro? Nenda kayaseme pale walipoyasema wao."

Ijumaa ile nikayasema, barazani, baada ya Isha. Kinyozi alikuwepo, mzee alikuwepo. Kocha naye alikuwepo, amekaa pale pale pa siku zote. Alimaliza kahawa yake, akarudisha kikombe, akaondoka bila kusema kitu. Kijana mmoja ambaye mwaka 2014 alikuwa mtoto mdogo tu akauliza, "Kwani huyo kipa anacheza wapi siku hizi?"