Yungiyungi Dogo la Mashyuza

Msomaji, bila shaka umepata kuliona yungiyungi likielea bwawani, jani lake pana kama sahani. Sasa lifikirie jingine, ambalo jani lake laweza kuwa na upana wa sentimeta 1 tu. Ndilo dogo kuliko mayungiyungi yote yajulikanayo duniani, na wataalamu huliita Nymphaea thermarum.

Mwaka 1987 Eberhard Fischer, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, aliliona huko Mashyuza, kusini-magharibi mwa Rwanda. Halikuelea majini, liliota topeni kando ya chemchemi ya maji moto, pale maji yalipokwisha kupoa hata digrii 25 hivi. Hakuna mahali pengine lilipojulikana kuwako. Fischer alichukua mimea michache akaipeleka katika bustani ya Bonn. Baadaye watu wakayaelekeza maji ya chemchemi kwingine kwa shughuli zao, tope likakauka, na kufikia mwaka 2008 yungiyungi halikuonekana tena kwao.

Basi uzao wote ukabaki mikononi mwa watunza bustani, nao hawakujua namna ya kuukuza. Mbegu zilichipua, lakini miche ikafa. Mwaka 2009 Carlos Magdalena wa bustani ya Kew, London, alijaribu njia nyingi asifanikiwe, kwa maana aliitia miche majini kama ilivyo desturi ya mayungiyungi mengine. Mwishowe aliyarudia maelezo ya tope lile la Mashyuza, akatambua kwamba mche huu huhitaji hewa ya ukaa kwa wingi kuliko iliyomo majini. Akaupanda katika chungu cha udongo, maji yakiwa sawasawa na uso wa udongo, yenye joto la digrii 25. Ukastawi, na mwezi wa Novemba ua jeupe likafunguka.

Hatari haikuisha: Januari 2014 mwizi aliiba mmea mmoja pale Kew. Lakini mwaka 2023 ikatokea furaha isiyotazamiwa, kwani watafiti waliyakuta mayungiyungi hai Mashyuza kwenyewe.

Wazee husema akiba haiozi. Lakini tazama, msomaji: akiba ya mbegu peke yake isingalitosha. Kilichouokoa mmea huu ni maelezo ya mtu aliyetazama kwa makini mahali ulipozaliwa. Nawe uendapo mtoni, tazama, kisha andika.