Pombe na kunyonyesha: Hesabu ni ya saa na nguvu ya kinywaji

Mama anayenyonyesha ambaye hatumii pombe kabisa hana hesabu yoyote ya kufanya, na hiyo ndiyo njia iliyo salama kuliko zote. Hata hivyo, sherehe hazikosekani jijini Eldoret na viungani mwake, na kuna swali ambalo akina mama wengi huona haya kuliuliza kliniki: nikishakunywa, nimnyonyeshe mtoto lini?

Kileo hupita kutoka damuni hadi kwenye maziwa bila kizuizi. Kiwango chake katika maziwa hukaribiana na kile kilichomo damuni, nacho hufikia kilele dakika 30 hadi 60 baada ya kunywa, au dakika 60 hadi 90 iwapo mama amekula. Kisha hushuka kadiri ini linavyokivunja. Kipimo kimoja, yaani takriban gramu 14 za kileo halisi, huchukua saa mbili hadi tatu kutoweka. Vipimo viwili huchukua saa nne hadi tano, na vitatu saa sita hadi nane. Kinachomfikia mtoto ni kidogo, lakini ini la mtoto mchanga bado ni changa na hukivunja kileo polepole kuliko la mtu mzima.

Ndiyo maana kukamua maziwa na kuyamwaga hakuharakishi chochote. Maadamu kileo kimo damuni, maziwa yatakuwa nacho; kikitoka damuni, hutoka pia katika maziwa yaliyobaki kifuani. Kukamua humpunguzia tu mama maumivu ya matiti yaliyojaa.

Ugumu uko katika kujua kipimo kimoja ni kiasi gani. Ushauri mwingi umeandikwa kwa ajili ya wanywaji wa vinywaji vyenye kibandiko kinachoonyesha nguvu yake. Hata chupa ya bia ya nusu lita, iliyozoeleka katika baa zetu, huzidi kipimo hicho kidogo. Busaa na chang'aa hazina kibandiko chochote. Watafiti waliopima vinywaji hivyo Eldoret, na ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010, walikuta busaa ikiwa na kileo cha wastani wa asilimia 4 na chang'aa asilimia 34. Kwa wastani huo, mililita 60 za chang'aa, ambazo hazijazi hata kikombe kidogo cha kahawa, zina kileo sawa na nusu lita ya busaa. Tena sampuli za chang'aa zilitofautiana sana, kwa hivyo glasi ya leo haiwezi kukisiwa kwa glasi ya jana. Mama aliyekunywa busaa anaweza kuhesabu saa zake kwa makadirio. Aliyekunywa chang'aa hana msingi wa kuhesabia. Isitoshe, pombe haramu imewahi kuchanganywa na methanoli, sumu iliyoua watu wengi katika kaunti kadhaa za Kenya mwezi Mei 2014. Kwa anayenyonyesha, chang'aa ni ya kuepukwa kabisa.

Ipo pia imani kwamba bia, hasa ile nyeusi, huongeza maziwa. Utafiti uliofanywa Philadelphia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kinyume: mama akinywa kileo, mtoto alipata maziwa machache ingawa alinyonya vyema. Kileo huzuia homoni inayoyasukuma maziwa kutoka, na mama huhisi matiti yamejaa akadhani yameongezeka. Uji na maji ya kutosha vitamfaa zaidi.

Kwa anayeamua kunywa, mpangilio ni huu: amnyonyeshe mtoto kwanza, ale, anywe kipimo kimoja, kisha asubiri. Maziwa aliyoyakamua mapema hudumu hadi saa nne nje ya jokofu mahali pasipo na joto kali, au siku nne ndani ya jokofu, na mtoto anaweza kuyanywa kwa kikombe safi. Mtoto wa wiki chache hunyonya mara nyingi mno kiasi kwamba nafasi ya kusubiri haipatikani, hivyo mama yake afadhali asinywe. Na usiku huo, mtoto asilale kitanda kimoja na mtu yeyote aliyelewa, awe mama au baba, kwa kuwa anaweza kulaliwa akakosa hewa.

Jambo moja hukosewa sana na jamaa wenye nia njema: kumwachisha mtoto ziwa ghafla kwa kuwa mamake alionekana kwenye sherehe akinywa. Glasi moja si sababu ya kumnyima mtoto maziwa ya mama, ambayo Shirika la Afya Duniani hupendekeza yawe chakula chake pekee kwa miezi sita ya kwanza. Anayekunywa kila siku, au anayeshindwa kuacha, anahitaji matibabu, na asiache ghafla bila kumwona daktari kwa sababu mwili uliozoea kileo unaweza kupatwa na kifafa. Anaweza kuanzia kliniki ya watoto iliyo karibu naye au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, au kuipigia NACADA kwa nambari 1192 bila malipo.