Hatari ya kudharau mto mkavu na kimbunga cha mbali

MJI wa Voi uko kilomita zipatazo 150 kutoka Mombasa, na ni nadra kusikia kimbunga kikitajwa miongoni mwa maafa yanayoitisha Kaunti ya Taita Taveta. Kinachohofiwa zaidi huko ni ukame. Kwa sababu hiyo, maji yanapokuja huwakuta wengi hawajajiandaa.

Vimbunga vya Bahari ya Hindi huanzia juu ya maji yenye joto, na huhitaji mzunguko wa dunia ili upepo uanze kuzunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu, hivyo ni nadra kimbunga kuumbika kati ya ikweta na nyuzi 5. Pwani ya Kenya imo ndani ya ukanda huo.

Hata hivyo, nadra si sawa na kamwe. Aprili 1872, tufani iliipiga Zanzibar, ikang'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuangamiza merikebu za Sultani Barghash. Mnamo Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, siku chache baada ya Kenya kuahirisha ufunguzi wa shule kwa sababu ya mafuriko.

Kimbunga kinaweza pia kudhuru kutoka mbali. Idai, kilichoipiga Beira nchini Msumbiji Machi 2019 na kuua zaidi ya watu 1,000 katika nchi tatu, kilivuta unyevu kuelekea kusini na kuchangia kuchelewa kwa masika nchini Kenya. Kwa mkulima anayesubiri mvua, hilo ni pigo hata kama hakuna paa lililoezuliwa.

Maji ya milimani

Hatari iliyo karibu zaidi na Voi hutoka Milima ya Taita. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,200 hivi, ilhali mji wa Voi uko kwenye mita zipatazo 600. Mto Voi huanzia milimani humo, ukapita mjini na kuingia Mbuga ya Tsavo Mashariki. Huko tambarare, kwa muda mrefu wa mwaka huwa mchanga mtupu. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mkondo unaweza kujaa ghafla hata kama mjini jua linawaka.

Misitu ya asili, ambayo hupunguza kasi ya maji, imebaki vipande vipande tu, kama vile Ngangao, Chawia na Mbololo. Wazee wa Kitaita walihifadhi misitu mitakatifu iitwayo fighi, ambamo ilikuwa mwiko kukata miti. Mwiko huo ulikuwa pia kinga ya udongo na chemchemi.

Huko Taveta, Mto Lumi hutoka upande wa Mlima Kilimanjaro na kumwaga maji yake Ziwa Jipe. Mvua iliyonyesha mbali mlimani inaweza hivyo kuwa mafuriko ya mkulima wa Taveta.

Onyo lililopuuzwa

Oktoba 2023, Wakenya waliambiwa kuwa El Nino iliyotabiriwa haingetokea, bali mvua kubwa tu. Kufikia Desemba, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini. Aprili 2024 huko Mai Mahiu, maji yaliyozuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipasua njia usiku na kuua watu zaidi ya 40. Voi, iliyopitiwa na reli mbili na barabara kuu ya Mombasa, ina kila sababu ya kuhakikisha makalvati yake hayazibwi na takataka wala mchanga.

Mafuriko yakija, maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hubeba gari. Asiyejua kina asivuke. Aidha, nyumba isijengwe kwenye mkondo kwa kuwa umekaa mkavu miaka kadhaa. Ukavu wa mkondo si ushahidi kwamba maji yamehama. Msimu mmoja wa mvua watosha kuyarejesha.